Miwani ya theluji: nianze na rangi ya lenzi au na weusi wake?

Mwanagenzi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Baada ya wiki sita nitakwenda milimani kujifunza kuteleza kwenye theluji kwa mara ya kwanza. Nitakuwa huko kwa siku saba, kwenye miteremko iliyo kati ya mita 1,800 na mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Mavazi nimekwisha kuyapata, na viatu pamoja na mbao za kutelezea nitavikodi huko huko, lakini suala la miwani limenishinda kabisa. Kila ninapotazama bidhaa hizo nakuta orodha ndefu ya rangi za lenzi, yaani njano, waridi, kaharabu, shaba, kahawia, kijani na kijivu, na juu yake mipako inayong'aa kama kioo, ya buluu, ya dhahabu na ya zambarau. Chini ya kila rangi kuna maelezo kwamba hiyo ndiyo inayomwezesha mtu kuona vizuri zaidi, na kwa kuwa haiwezekani zote ziwe bora kuliko zote, nimeona heri niwaulize watu waliokwisha kuzivaa.

Maswali yangu ni matatu. Kwanza, ikiwa nitanunua miwani moja tu ya theluji, nichague rangi ipi? Pili, ninayo miwani ya jua, nyeusi sana, ambayo huivaa ninapoendesha gari mchana. Je, haiwezi kunitosha siku za jua kali, ili hiyo ya theluji niiweke kwa ajili ya siku za mawingu? Tatu, mimi huvaa miwani ya macho ambayo lenzi zake hujigeuza kuwa nyeusi zinapopigwa na jua. Nilikuwa nimepanga kuivaa chini ya miwani ya theluji yenye lenzi isiyo na rangi kabisa, ili ijirekebishe yenyewe kulingana na hali ya hewa. Rafiki yangu mmoja mtelezaji alicheka aliposikia mpango huo, lakini hakunieleza kosa liko wapi.

Fundi wa Lenzi

Ndugu Mwanagenzi, nimekaa miaka mingi kwenye kazi ya kupima na kukata lenzi, na wateja wengi huanza pale pale ulipoanzia wewe, kwenye rangi. Naomba uiweke rangi kando kwa muda. Jambo la kwanza la kutafuta kwenye boksi ni asilimia ya mwanga unaopita katika lenzi, ambayo kwa kawaida huandikwa baada ya herufi VLT. Lenzi ya asilimia 12 hupitisha takriban sehemu moja ya nane ya mwanga na kuuzuia uliobaki, iwe ni ya waridi, ya kijani au ya kijivu.

Viwango vya kimataifa vimezigawa lenzi katika madaraja matano. Daraja la 0 hupitisha asilimia 80 hadi 100 ya mwanga, la 1 hupitisha asilimia 43 hadi 80, la 2 asilimia 18 hadi 43, la 3 asilimia 8 hadi 18, na la 4 asilimia 3 hadi 8. Kwenye miwani ya jua namba hiyo mara nyingi huchapishwa upande wa ndani wa mkono wa fremu, na kwenye miwani ya theluji hutanguliwa na herufi S, kwa mfano S1 au S3. Angalia, hata hivyo, jinsi daraja la 2 lilivyo pana: lenzi mbili zenye alama ya S2 zinaweza kutofautiana zaidi ya mara mbili kwa mwanga zinaoupitisha. Kwa hiyo usiridhike na daraja peke yake, bali ulizia asilimia yenyewe.

Ili namba hizi zisibaki kuwa namba tu, fikiria adhuhuri ya jua kali, ambapo mwanga unaofika ardhini hukaribia lux 100,000 (lux ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali). Ukivaa lenzi ya asilimia 12, jicho lako litapokea mwanga sawa na wa lux 12,000, kiwango ambacho watu wengi hukivumilia bila kukunja uso. Mawingu mazito yakitanda, mwanga ule wa nje unaweza kushuka hadi lux 3,000, na lenzi hiyo hiyo itakuachia 360, yaani mwanga wa ofisini. Hutajikwaa ofisini kwa mwanga huo, lakini hapo unashuka mlima kwa kasi ukitafuta matuta meupe juu ya ardhi nyeupe.

Sasa kuhusu mionzi ya urujuanimno, ile inayoandikwa UV, ambayo haina uhusiano wowote na weusi wa lenzi. Karibu miwani zote za theluji zina lenzi za polikaboneti, na plastiki hiyo huizuia mionzi hiyo kwa asili yake, hata ikiwa haina rangi hata kidogo. Kinyume chake, lenzi nyeusi ya ovyo isiyoizuia ni hatari kuliko kutovaa kitu, kwa sababu mboni hupanuka gizani na kuifungulia mionzi mlango. Nguvu ya mionzi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na theluji mpya inaweza kuakisi hadi asilimia 80 ya mionzi inayoiangukia, ilhali mchanga mkavu wa pwani huakisi takriban asilimia 15. Mawingu mepesi nayo huiruhusu sehemu kubwa ipite. Anayeachwa wazi hupata upofu wa theluji, ambao ni kuungua kwa konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho: maumivu huanza saa kadhaa baadaye, mara nyingi jioni, mtu akihisi kana kwamba amemwagiwa mchanga machoni, na kwa kawaida hupona ndani ya siku moja hadi tatu. Wainuit wa Aktiki walikwisha kulitatua tatizo hili zamani bila lenzi yoyote, kwa kuvaa kipande cha mti, mfupa au pembe kilichochongwa ufa mwembamba mbele ya kila jicho. Walipunguza kiasi cha mwanga, na rangi hawakuigusa.

Swali lako la tatu sasa linajijibu. Lenzi zinazojigeuza huamshwa na mionzi ya urujuanimno. Miwani ya theluji utakayoivaa juu yake itakuwa imekwisha kuizuia mionzi hiyo, hivyo miwani yako ya macho itabaki nyeupe siku nzima, kama inavyobaki karibu nyeupe ndani ya gari lenye kioo cha mbele kinachozuia mionzi. Rafiki yako alicheka kwa haki, ingawa kukueleza kusingemgharimu kitu. Ukumbuke pia kwamba lenzi mbili zikipangwa moja mbele ya nyingine, asilimia zake huzidishwa: asilimia 50 nyuma ya asilimia 20 hukupa asilimia 10.

Kuhusu miwani yako ya jua, umesema ni nyeusi sana na unaivaa ukiendesha gari. Tafadhali soma alama iliyo ndani ya mkono wake leo hii. Ikiwa ni daraja la 4, haifai kuvaliwa na dereva, na kiwango chenyewe hutaka onyo hilo litolewe pamoja na miwani. Ikiwa ni la 3, weusi wake unafaa kwa jua la mlimani, lakini iko wazi chini na pembeni, na kwenye theluji mwanga hutoka chini kama unavyotoka juu. Kwa mwanafunzi atakayeanguka mara nyingi, na macho yatakayotokwa machozi kwa upepo, mimi nisingeitegemea isipokuwa wakati wa kukaa barazani.

Ukungu wa Asubuhi

Fundi amesema yote kuhusu kiasi cha mwanga, nami naomba niitetee rangi kidogo, kwa sababu nilijifunza umuhimu wake kwa kuanguka.

Msimu wangu wa kwanza nilinunua miwani ya S3 yenye mpako wa dhahabu, kwa kuwa ilinipendeza, sina sababu nyingine ya kuitetea. Siku mbili za jua ilikuwa raha tupu. Siku ya tatu wingu lilishuka likafunika mlima, na ndani ya robo saa nikawa siwezi kutofautisha mteremko na anga. Nilidhani nimesimama, kumbe nilikuwa bado nateleza polepole, na niligundua hivyo nilipoingia kwenye bonde dogo lililokuwa mbele yangu muda wote huo. Sikuumia, ila nilitembea kwa miguu hadi kituoni nikiwa nimebeba mbao begani.

Theluji haina rangi ya kutusaidia, kwa hiyo tunachokisoma ni vivuli vyake tu. Siku yenye jua, upande wa tuta unaotazama jua huangazwa na jua lenyewe, na upande wa pili huangazwa na anga peke yake. Anga ni la buluu kwa sababu hewa hutawanya mawimbi mafupi ya mwanga kuliko mawimbi marefu: mwanga wa zambarau, wenye mawimbi ya urefu wa nanomita 400, hutawanywa takriban mara tisa zaidi ya ule mwekundu wa nanomita 700. Ndiyo maana vivuli vilivyo juu ya theluji vina ubuluu, jambo ambalo ukilitazama mara moja hutaacha kuliona tena. Lenzi ya njano, ya kaharabu, ya shaba au ya waridi hukata sehemu kubwa ya mwanga wa buluu, na kwa hiyo hukipunguza kivuli kuliko inavyoupunguza upande wenye jua. Kivuli kinakuwa cheusi zaidi, na tuta linajitokeza.

Maelezo hayo yanaonyesha pia mpaka wa uwezo wa rangi. Wingu likifunika anga lote, mwanga huja kutoka kila upande kwa kiasi kinachokaribiana, na kivuli hakipo. Lenzi haiwezi kukiongezea nguvu kivuli ambacho hakipo. Siku kama hiyo kinachosaidia ni lenzi nyepesi ili jicho lipate mwanga wa kutosha kuziona tofauti ndogo zilizobaki, na zaidi ya lenzi ni kuteleza karibu na miti au nguzo za mpakani, kwa sababu hivyo ni vitu vyeusi vinavyoliambia jicho chini ni wapi. Kampuni kubwa zina teknolojia zao, kama Prizm ya Oakley na ChromaPop ya Smith, ambazo hutumia rangi za kemikali zinazonyonya vipande vyembamba vya mawimbi ili rangi zilizobaki zitengane vizuri. Nimezivaa na nakiri kwamba siku ya mawingu mepesi tofauti huonekana. Kwenye wingu zito nilikuwa kipofu kama wenzangu wote.

Jambo moja ambalo huwachanganya wengi ni mpako wa kioo. Buluu au dhahabu unayoiona kwa nje ni mpako unaorudisha sehemu ya mwanga kabla haujaingia. Rangi utakayoona dunia kwayo ni ile iliyo ndani ya lenzi, na miwani mbili zenye mpako mmoja wa buluu zinaweza kuwa moja ya waridi na nyingine ya kijivu. Ivae, kisha utazame karatasi nyeupe.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza ni hili: kama ni moja tu, chukua lenzi ya waridi au ya shaba, yenye asilimia 25 hadi 35. Siku ya jua kali utakunja uso kidogo, na siku ya mawingu utaona kiasi cha kukufikisha chini salama. Mimi ningechagua kwa kuiogopa siku mbaya kuliko kwa kuipenda siku nzuri, kwa sababu mwanafunzi huanguka siku mbaya.

Kijivu Daima

Ndugu Ukungu, nakuheshimu kwa uzoefu wako, lakini pendekezo hilo si la kila mtu. Mimi ni mmoja wa wanaume wasiotofautisha vyema nyekundu na kijani. Hatuko wachache, kwani kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini ni takriban mwanaume mmoja kati ya 12. Lenzi zenye rangi kali hunivuruga kuliko zinavyonisaidia. Vibao vya miteremko hutambulishwa kwa rangi, na nyuma ya lenzi ya machungwa iliyokolea kibao cha buluu hukaribia weusi. Katika maeneo ambako mteremko wenye kibao cheusi ndio mgumu kuliko yote, hilo si kosa dogo kwa mwanafunzi. Lenzi ya kijivu hupunguza mawimbi yote kwa kiasi kinachokaribiana, hivyo rangi hubaki zilivyo na macho yangu hayachoki jioni. Kahawia nyepesi naivumilia, waridi siwezi.

Ningependa pia Fundi atueleze kuhusu lenzi za upolarishaji. Nimezitumia kwa uvuvi nikaona samaki chini ya maji kama vile maji yameondolewa. Kwa nini basi zisiwe ndizo za kwanza kupendekezwa kwa theluji inayong'aa kiasi hiki?

Fundi wa Lenzi

Ndugu Kijivu umefanya vyema kulitaja suala la vibao, maana nilikuwa nimelisahau. Kwa miwani ya jua ya kila siku, ya barabarani na ya matembezini, mimi pia humshauri mteja aanze na kijivu, kahawia au kijani cha kiasi, kwa sababu rangi hizo hazizipotoshi taa za barabarani. Lenzi zinazokata rangi fulani kwa nguvu huenda zikafaa mlimani na zisifae kwa dereva.

Kuhusu upolarishaji, mwanga unapoakisiwa na uso laini ulio mlalo, kama maji, sehemu kubwa ya mawimbi yake hubaki yakitikisika kwa upande mmoja, yaani kwa ulalo. Kwenye maji hali hiyo hufikia kilele mwanga unapoanguka kwa pembe ya takriban nyuzi 53 kutoka kwenye mstari wa wima. Lenzi ya upolarishaji ni kama uzio wa fito za wima: huuzuia mtikisiko wa ulalo na kuuacha mwingine upite, na ndiyo maana uliwaona samaki. Theluji mpya, kwa upande wake, ni mamilioni ya chembe zinazotazama kila upande, na mwanga unaotoka kwake umechanganyika. Upolarishaji wake ni mdogo, na faida ya lenzi hiyo hupungua. Inaposhika kazi kweli ni kwenye barafu ngumu na theluji iliyolowa, na hapo ndipo watelezaji wanapogawanyika. Mng'ao wa barafu hukera, lakini pia ndio unaokutahadharisha kwamba hatua kumi mbele kuna barafu. Mtu anayeteleza kwa kasi huweza kutaka kuuona mng'ao huo, na mtu anayetembea ziwani au ufukweni hana haja nao. Isitoshe, skrini nyingi za simu na saa huwa nyeusi ukizitazama kupitia lenzi hizo kwa pembe fulani, na marubani hushauriwa wasizivae kwa sababu inayofanana na hiyo. Kwa miwani ya jua nazipenda sana. Kwa miwani ya theluji sizikatai, ila sizilipii zaidi.

Niongeze onyo moja kwa sababu najua linakuja. Watu hununua lenzi ya njano kwa ajili ya mawingu, wakaipenda kwa jinsi inavyoifanya dunia ionekane angavu, kisha huanza kuivaa wakiendesha gari usiku. Uangavu huo ni wa hisia tu, kwa kuwa hakuna lenzi inayoongeza mwanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la JAMA Ophthalmology, uliotumia kifaa cha kuigiza uendeshaji, haukuona kwamba miwani ya njano iliwasaidia madereva kuwatambua watembea kwa miguu mbele ya mwako wa taa za gari linalokuja. Tena jicho linapoingia gizani, usikivu wake huhama kutoka karibu nanomita 555, kwenye kijani chenye unjano, kuelekea nanomita 507, kwenye kijani chenye ubuluu. Lenzi inayokata buluu wakati wa magharibi inakata sehemu ya kile ambacho jicho limeanza kukitegemea. Kwa kuteleza usiku chini ya taa, vaa lenzi isiyo na rangi.

Bibi wa Vilele

Mwanangu Mwanagenzi, hawa vijana wamekuambia mengi na ya kweli, lakini hakuna aliyekuuliza umri wako. Nimeteleza tangu nikiwa msichana, na lenzi iliyokuwa ikinifaa nikiwa na miaka 30 hainifai leo. Lenzi iliyo ndani ya jicho lenyewe huwa ya njano kadiri miaka inavyokwenda, na mboni haipanuki tena kama zamani, hivyo jicho la mzee hupokea mwanga mchache hata kabla hajavaa kitu. Siku za mawingu kijana wangu huvaa asilimia 35 akasema anaona vizuri. Mimi kwa asilimia hiyo hiyo huwa naomba mkono wa kushikwa. Nimehamia asilimia 60, na rangi ya njano nimeiacha, maana unjano ninao tayari ndani. Mwenzangu mmoja aliyeondolewa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi mpya alishangaa jinsi theluji ilivyokuwa ya buluu na kali, akalazimika kununua miwani nyeusi zaidi ya ile aliyokuwa nayo. Kwa hiyo usichukue asilimia ya mtu mwingine kama unavyochukua saizi ya kiatu chake.

Mwanagenzi

Nawashukuru sana nyote, na shikamoo Bibi. Nina miaka 34 na natofautisha rangi zote. Nimesoma mkono wa miwani yangu ya jua, ni daraja la 3, kwa hiyo itabaki kuwa ya gari na ya barazani. Mpango wa lenzi nyeupe juu ya miwani ya macho nimeufuta, na nimempigia rafiki yangu simu kumwambia kwamba sasa najua alichekea nini.

Nimebakiwa na chaguo mbili. Moja ni miwani ya theluji ambayo lenzi yake yenyewe hujigeuza, kutoka asilimia 60 hadi asilimia 20. Nyingine huuzwa na lenzi mbili za kubadilisha, ya shaba yenye asilimia 14 na ya waridi yenye asilimia 50, nayo ina nafasi ya kutosha kuvaa miwani ya macho ndani yake. Je, ile inayojigeuza haiondoi usumbufu wa kubeba lenzi ya pili?

Fundi wa Lenzi

Inauondoa, kwa masharti. Baridi huzifanya lenzi za namna hiyo ziwe nyeusi zaidi na kuchelewa kurudi nyeupe, kwa sababu molekuli zilizofunguliwa na mionzi hutegemea joto ili zijifunge tena. Ukitoka kwenye uwanda wa jua ukaingia msituni penye kivuli, kwa muda utakuwa na lenzi ya mlimani ndani ya msitu. Kasoro ya pili ni kwamba hufuata mionzi na si mwanga unaoonekana, na kwa kuwa mawingu mepesi hupitisha mionzi mingi, lenzi inaweza kuwa nyeusi siku ambayo ungeitaka iwe nyepesi. Zaidi ya hayo, asilimia 20 ndiyo mwisho wake, na saa sita mchana kwenye mita 3,000 wako watu ambao haitawatosha. Mtu anayepanda mlima polepole kwa saa nyingi ningemshauri aichukue. Wewe utakayekuwa karibu na vituo, ambako unaweza kuingia ndani na kubadilisha, chukua ile ya lenzi mbili.

Ukungu wa Asubuhi

Nami nasema lenzi mbili, na ile ya shaba ya asilimia 14 haitakuvuruga vibao kama machungwa iliyokolea. Jizoeze kuzibadilisha nyumbani ukiwa umevaa glavu kabla hujaondoka, maana baadhi ya fremu hushika lenzi kwa sumaku na nyingine hutaka nguvu ya vidole gumba viwili.

Mwanagenzi

Nimeagiza hiyo ya lenzi mbili. Nikiwa mlimani, lenzi isiyotumika niiweke wapi?

Bibi wa Vilele

Ndani ya mfuko wake wa kitambaa laini, kisha ndani ya koti, karibu na kifua. Ukiiweka kwenye mfuko wa nje itakuwa ya baridi kama mlima wenyewe, na ukiileta mbele ya uso wenye joto na jasho itapata ukungu mara moja. Ukungu huo usiufute kwa kidole wala kwa glavu, kwa sababu mpako wa ndani unaozuia ukungu ni dhaifu ukiwa umelowa. Itikise maji yatoke, halafu iache ikauke.

Mwanagenzi

Nimeelewa, Bibi. Mfuko wa koti langu ulio kifuani nimeupima kwa rula, na lenzi itaingia.